Upepo Uliosingiziwa

Saa mbili asubuhi fundi alifunga kamba yake kwenye paa la jengo la ghorofa saba, akalivuta fundo mara tatu, akakaa kwenye kibao na kujiteremsha na ndoo yake ya rangi. Kwa miaka tisa mwanamke huyu alipaka maghorofa pamoja na kaka yake. Wiki tatu zilizopita kamba ya kaka mtu ilikatika, pale ilipokuwa ikisuguliwa na ukingo wa zege, akaanguka na kufa. Alikuwa ameomba nyingine mara nne. Taarifa ya kampuni ilitaja chanzo kwa neno moja: upepo. Kamba ikaungwa, ikarudishwa mahali pake.

Siku hiyo kulikuwa na upepo hasa. Nyaya za umeme zilipiga kelele, na kibao cha fundi kiliyumba huku na huku. Kamba ya kaka yake, hatua mbili tu kutoka kwake, ilining'inia wima. Upepo ulipoifikia uligawanyika, ukapita pembeni, ukaungana tena mbele. Tangu taarifa itiwe sahihi haukuwa umeigusa hata mara moja.

Fundi alimalizia ukuta uliokuwa mbele yake, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda ofisini.

Meneja alipanda juu pamoja na msimamizi. Msimamizi alirusha kipande cha karatasi. Kikapepea mpaka karibu na kamba, kikaanguka chini kama jiwe. Akarusha kingine. Meneja alishika tai yake isimpige usoni, akasema ni kweli, hauigusi.

"Upepo umekasirika," fundi alisema. "Siku ile nguo za majirani hazikutikisika kambani. Kaka yangu aliuawa na kamba mbovu. Futeni hilo neno."

Meneja alimjibu kwa upole kwamba fomu ina nafasi tatu tu: upepo, mvua, na uzembe wa marehemu. "Tulikuchagulia lenye heshima, dada."

"Basi ongezeni nafasi ya nne."

Meneja akasema fomu huchapishwa makao makuu. Fundi akauliza makao makuu yako wapi, akaandika anwani kwenye kiganja kwa kalamu ya msimamizi.

Kabla ya saa sita tangazo lilibandikwa mlangoni: kamba ile haitabadilishwa, kwa kuwa haiathiriwi na hali ya hewa, na siku za upepo mkali mafundi wataitumia kwa zamu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya fundi.

Alilisoma lote, akapanda juu, akaipita ile kamba iliyotulia. Akafunga ya kwake, akalivuta fundo mara tatu. Upepo ulimrusha kushoto, ukamrudisha. Kila aliporudi ukutani alipiga brashi mara moja, kwa nguvu, akasubiri kurushwa tena. Kufikia jioni alikuwa ameteremka ghorofa moja na nusu. Akashuka, akaenda kununua bahasha.