Nafasi Kando ya Odero

Odero alipofariki, mabomba ya mtaa wao wa Woodley, Nairobi, yalikuwa yamekauka kwa majuma kadhaa, na kwao Kano, upande wa ziwa, maji yalikuwa yamefika madirishani. Ndivyo maji yalivyogawanywa mwaka huo: huku watu wanayanunua kwa mtungi, kule wanayakimbia na kulala juu ya madawati ya shule.

Nakhumicha, mjane wake, hakulia. Waliokuja matangani walimtazama usoni wakingoja, naye akawapita na mtungi mkononi, akimfuata mwenye mkokoteni aliyeleta maji ya kisima kutoka Kileleshwa. Waombolezaji hawashibi huzuni, wanataka chai. Alichemsha, akamimina, akaosha vikombe kwa maji yale yale mpaka yakawa na rangi ya chai yenyewe. Ndani yake hakusikia kitu.

Kilichomkaa kooni ni ahadi. Odero alikuwa karani wa ghala la vyuma katika barabara ya Kirinyaga, na miaka yote ya ndoa yao alikataa kununua hata kiploti mjini. "Nairobi ni kazi," alizoea kusema. "Mtu halali kazini." Alichopata alikipeleka Kano, kwenye nyumba ya matofali ambayo mto uliingia karibu kila mwaka na kuondoka na milango. Naye alirudi kuweka mingine, maana sikio la kufa halisikii dawa. Kila walipopita Lang'ata, akiyaona makaburi yalivyobanana, alimwambia mkewe, "Hapa wanazika watu hawana kwao. Usiniache hapa, Mama Quincy." Mkewe akaahidi, kama mtu anavyoahidi jambo la mbali. Safari yake ya mwisho Odero alikwenda kuinua mabati ya nyumba hiyo hiyo, akarudi na malaria, nayo haikumpa muda.

Kamati ya mazishi ilikutana katika ukumbi wa hoteli moja katikati ya jiji. Nakhumicha, Mbukusu kati ya wazee wa Kijaluo, aliketi kiti cha nyuma. Ogalo, mdogo wa marehemu, alikuwa kwenye simu kutoka nyumbani. Simu ikawekwa mezani, sauti juu, kila mtu asikie.

"Tumejaribu huku na huku," Ogalo alisema. "Tunachimba kaburi, tunapata kisima. Na barabara imekatika. Gari ya maiti haiwezi fika."

Mwenyekiti alikohoa. "Basi tungoje maji ipungue. Mwili iko salama mochari. Mwacha mila ni mtumwa. Mtu wetu hawezi zikwa Lang'ata kama mtu ameokotwa."

Vichwa vikakubali. Kungoja ni rahisi kama anayengoja ni mwingine. Kisha mmoja akakumbuka adabu, wakamgeukia mjane.

Alikuwa amekuja kuitetea ahadi yake. Hata maneno alikuwa ameyapanga njiani. Lakini aliposimama aliona ile milango yote, mmoja baada ya mwingine, ikienda na mto.

"Odero amengoja maji ipungue maisha yake yote," alisema. "Inapungua, inarudi. Mimi sitamngojesha tena. Azikwe hapa."

Hakuna aliyempenda kwa maneno hayo, na yeye mwenyewe hakujipenda. Kabla mwenyekiti hajamjibu, sauti nyingine ilitoka kwenye simu. Ilikuwa ya mama mkwe wake, aliyekaa kando ya Ogalo muda wote.

"Mama Quincy amesema. Mzikeni huko. Mimi hapa nitazika yago."

Yago ni lile tunda refu na zito la mwegea. Mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, Wajaluo hulizika nyumbani badala yake, ili roho ijue kwao ni wapi. Mwili wa Odero ulijulikana ulipo, lakini hakuna mzee aliyethubutu kumkosoa mama mzazi.

Wakamzika Lang'ata. Ardhi ilikuwa ngumu hata wachimbaji wakatumia mtaimbo. Kushoto kwake palikuwa na kaburi bichi la bibi mmoja, na kulia shimo lilikwisha chimbwa likimngoja mwingine. Nakhumicha alitupa konzi yake ya udongo. Jambo pekee alilohisi ni nafuu kwamba palikuwa pakavu, na akaona aibu.

Baadaye mvua ilirudi upande wa ziwa, na jioni moja mama mkwe alimpigia. Wao wawili walikutana katika Kiswahili, kila mmoja na kilema chake.

"Mama Quincy. Watoto wamekula?"

"Wamekula, Mama. Na nyinyi?"

"Tuko shule bado. Yago imetoka."

"Imetoka aje?"

"Maji imeinua. Imeelea mpaka kwa nyumba yake. Ogalo amepata inagonga mlango. Nimeificha huku juu, pamoja na mbegu za kupanda."

Nakhumicha alikalia mtungi mtupu.

"Huko umemweka," mama mkwe aliuliza, "maji haifiki?"

"Haifiki, Mama. Hata ya kunywa hatuna."

Mama huyu alikuwa amekataa kuja mjini hata kwa wiki moja. Alisema Nairobi watu hulala juu ya vichwa vya wenzao. Sasa alipumua kwa muda mrefu kwenye simu.

"Basi siku yangu ikifika, uniweke hapo kando yake. Nimechoka na maji."

Nakhumicha alilikumbuka lile shimo la kulia. Lilikuwa limejazwa siku ile ile, kabla wao hawajapanda basi. Kulia alilala kijana asiyemjua, kushoto yule bibi, na mbele na nyuma wageni watupu. Kando ya Odero hapakuwa na upana wa mama yake.

"Sawa, Mama," alisema.

Akakata simu, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, akalia. Alimlilia mtu aliyekuwa bado hai.