Sikio, Jicho, Kidole

Wezi hawakuja usiku. Walikuja mchana kweupe, nguo zimeanikwa, redio ya jirani inaimba. Walimfunga dada mwenye nyumba kwa waya wa pasi yake mwenyewe, wakabeba televisheni na mtungi wa gesi, kisha yule mwembamba wao akamwinamia na kumwambia kwa adabu, "Samahani, dada. Tutapita tena." Michubuko ya waya ilipona. Ile ahadi ya kupita tena ndiyo iliyomkondesha, kwa sababu tangu siku hiyo kila aliyebisha hodi alikuwa yule mwembamba.

Dada huyu alikuwa mfamasia. Kaka yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, alimwita Vidonge, na sisi tumwite hivyo hivyo. Waliishi wawili tu. Kaka aliwahi kuendesha winchi kwenye yadi ya makontena, mpaka siku mnyororo ulipokatika na mzigo ukamwangukia msaidizi wake, akafa pale pale. Uchunguzi ulisema kaka hana kosa. Aliacha kazi, akarudi nyumbani na utani mara mbili ya ule aliotoka nao. Watu wakasema, afadhali yeye, mtu wa kucheka hakondi. Watu husema mengi, na mengi ni upuuzi.

Siku ya wezi kaka alikuwa kwa kinyozi. "Yaani mimi nanyolewa, wewe unafungwa kama kuni," alisema, akacheka, kisha akaenda kukaa uani peke yake mpaka chakula kikapoa.

Vidonge aliomba kibali, akahojiwa, akangoja, akapata. Dukani muuzaji alimwekea bastola tatu juu ya kitambaa cheusi. Aliinua moja, nzito. Ya pili, kubwa kwa kiganja chake. Ya tatu ikakaa mkononi bila kubembelezwa. Kaka alikuwa amemsindikiza, lakini aligoma kusogea, akabaki kwenye kigoda karibu na mlango, mikono katikati ya magoti.

"Njoo uione, kaka."

"Nimeshaiona. Mimi naogopa hata kopo likidondoka. Hicho kidude chako usinisogezee."

Muuzaji alicheka, Vidonge akacheka. Aliondoka pale amefurahi kwamba nyumbani hakutakuwa na mkono mwingine wa kuigusa.

Aliyemfundisha alikuwa polisi mstaafu, wote wakimwita Sajini. Alifundishia nyumbani kwake, kwenye meza yenye tundu la mviringo ambalo yeye alilitumia kusimamishia kalamu. "Mwanafunzi wangu mmoja ndiye aliyelitoboa," alisema. "Alikuwa na uhakika kwamba haina kitu." Kisha akaichomoa kalamu, akapuliza vumbi tunduni, akairudisha.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili. Bastola ya aina ile hujipakia yenyewe. Risasi moja ikitoka, nyingine imeshapanda kukaa mahali pake. "Ndiyo raha yake, na ndiyo hila yake. Ukitoa magazini, hiki kibweta cha risasi, unadhani umeimaliza. Hujaimaliza. Moja yaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, hapa nyuma ya mtutu, kimya, inakungoja."

Alimfumbisha macho, akamtaka aijue kwa mlio. Magazini ikitoka, kwach. Kile chuma cha juu, slaidi, kikivutwa nyuma na kuachiwa, krr-chak. Triga, kile cha kufyatulia, ikibonyezwa juu ya utupu, tik. "Sikio kwanza," alisema. "Kisha jicho, utazame chemba. Kisha kidole cha mwisho, ukitie ndani uguse huo utupu. Sikio hudanganywa, dada. Jicho nalo likichoka hudanganywa. Kidole hakijanidanganya mpaka leo."

Vidonge alijifunza kuifungua vipande vyake, slaidi, springi, mtutu na kiunzi, na kuvipanga mezani kwa mfuatano wa kurudishia. Alijifunza kupitisha brashi ndani ya mtutu, kisha vitambaa vidogo kimoja baada ya kingine, mpaka kimoja kitoke cheupe. Tone la mafuta hapa, tone pale, basi, maana mafuta yakizidi hukamata vumbi. Mtu aliyezoea kupima dawa haoni tabu kwenye mambo hayo. Kusema kweli alianza kuyapenda.

Kibali kilimruhusu kuiweka nyumbani, si kutembea nayo. Basi ilikaa kwenye kisanduku cha chuma chini ya kabati, risasi zake ndani ya magazini kando yake, na ufunguo ndani ya kiatu cha kushoto. Tangu utotoni Vidonge akificha kitu alikificha kwenye kiatu cha kushoto. Asubuhi alikwenda kazini, bastola ikabaki inalinda nyumba yenye kaka na kasuku.

Huyo kasuku alikuwa wa kaka, wa kijivu, mkia mwekundu, jina lake Karani. Kaka alimpa jina hilo kwa sababu hakuna kilichosemwa mle ndani asikiandike kichwani. Alijua mluzi wa birika, kikohozi cha jirani, na hodi ya mama wa nyumba ya tatu, ambayo iliwainua watu vitini bure kila wiki.

Jumapili moja kaka alikuwa ametoka, na Vidonge alikuwa jikoni anamenya viazi. Kutoka sebuleni alisikia kwach. Kisha krr-chak. Kisha tik.

Kisu kilimganda mkononi. Bastola ilikuwa kisandukuni, ufunguo kiatuni, mlango wa mbele ameufunga kwa komeo mwenyewe. Alitembea kwa ncha za vidole mpaka mlangoni mwa sebule, akachungulia. Hapakuwa na mtu. Pazia lilikuwa limetulia, viti vimekaa kama alivyoviacha. Alipogeuka kurudi, nyuma ya shingo yake, tik.

Karani alikuwa amemwinamishia kichwa, jicho la manjano limemtumbulia.

Kaka aliporudi na kuhadithiwa alicheka mpaka akakaa chini. "Umepata mwanafunzi. Mpeleke kwa Sajini naye apewe kibali." Kwa muda, huo ndio ukawa mchezo wa nyumba. Mgeni akija, Karani anatoa magazini, mgeni anaruka, kaka anafurahi.

Kisha Karani akabadili wimbo. Sasa alianza na magazini ikiingia, mlio mzito kidogo kuliko wa kutoka. Ikafuata slaidi. Halafu akanyamaza, akanyamaza sana, mabawa ameyabana. Halafu magazini ikatoka, slaidi tena, na mwisho kabisa, ting, kitu kidogo cha chuma kinadondoka kwenye vigae.

Vidonge hakuijua ting hiyo. Nyumbani alijizoesha kwa bastola tupu, na risasi hazikuwahi kutoka kwenye magazini ila wakati wa kusafisha, tena moja moja kwa kidole gumba, juu ya taulo.

"Huyu naye ting kaitoa wapi?" aliuliza.

"Kijiko," alisema kaka, bila kuinua macho kwenye gazeti. "Juzi nilidondosha kijiko."

Siku ya kusafisha ilipofika, alizitoa risasi akazipanga kwenye taulo, na ile ya juu kabisa haikufanana na wenzake. Ukingo wa kitako chake ulikuwa umechubuka, na kichwa kimezama kidogo, kama dawa iliyosukumwa ndani ya karatasi yake. Aliifunga kwenye leso, akaenda nayo kwa Sajini.

Sajini alivaa miwani, akaisogeza dirishani. "Hii imeingia chemba na kutolewa bila kupigwa, tena si mara moja wala mbili. Ona chuma kilivyoivua ngozi. Ona ilivyokuwa fupi. Acha mchezo huo, dada. Risasi ya namna hii hairudi kwenye bastola."

"Si mimi."

"Basi nani?"

Alirudi kwa miguu, na njia nzima alikuwa anajibu swali hilo. Alimfikiria yule mwembamba mwenye adabu, kwamba ameshapata ufunguo wa bandia, kwamba anaingia mchana, anakaa kitini, anaondoka kabla ya watu kurudi. Alifikiria jini, yeye msomi wa dawa, na hakujicheka. Akili yake ilibisha hodi kila nyumba isipokuwa yake.

Kaka alikuwa uani anafua, maji yalisikika. Vidonge alikaa sebuleni hata viatu hajavua, akatazamana na Karani. Ilikuwa alasiri, chumba chekundu kwa mwanga wa pazia, joto limetuama. Ndege alijisogeza kwenye kijiti chake, akatikisa manyoya, akaanza.

Magazini ikaingia. Krr-chak. Kisha kile kimya. Mara hii Vidonge alikuwa karibu, na akasikia kwamba hakikuwa kimya. Karani alikuwa anapumua. Ilikuwa pumzi ya mtu mzima, nzito, inayopita puani na kukatika njiani, na chini yake mlio wa kiti cha mkono, kile kiti kilichovunjika mguu, kile ambacho mtu mmoja tu mle ndani alikikalia. Halafu kutoka kwenye mdomo ule mweusi uliopinda ikatoka sauti ya kaka yake, ya chini, bila utani hata chembe:

"Si leo. Atanikuta yeye."

Magazini ikatoka. Slaidi. Ting.

Maji uani yalikuwa yamenyamaza. Kaka alisimama mlangoni na beseni la nguo mbichi, mapovu yanamchuruzika viwikoni, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia yote.

"Karani hana siri," alisema, akajaribu kucheka. Kicheko hakikuja.

Vidonge alitaka kumpiga. Alitaka kupiga kelele, kumuuliza kopo la kudondoka limeishia wapi, kumuuliza tangu lini. Badala yake alivuka chumba, akapokea lile beseni, akaliweka chini, akamshika mikono yote miwili iliyolowa.

"Nimekukuta, kaka."

"Umenikuta nini?"

"Umesema nitakukuta mimi. Basi ndiyo nimekukuta, na mzima."

Kaka aliteleza chini ukutani mpaka akakaa juu ya vigae. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua kulia. Kisha akasema kwamba mnyororo ule humkatikia kila akifumba macho, na kwamba siku ya wezi naye hakuwapo, na kwamba mtu ambaye kila anayesimama karibu naye hudhurika afadhali aondoke. "Lakini kila nikifika pale," alisema, "nakuona wewe unafungua mlango na mfuko wa mboga."

Jioni ile ile walikwenda wote wawili kwa Sajini. Vidonge ndiye aliyebeba kisanduku. Sajini aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akapokea kisanduku, akavuta slaidi. Alisikiliza, akatazama, akatia kidole, akafungia bastola kwenye sefu yake mwenyewe, kisha akasogeza kigoda ili kaka akae. Kesho yake asubuhi Vidonge alimpeleka kaka hospitali, kwa daktari wa akili, na tangu hapo huenda kila Jumanne. Kuna Jumanne anarudi mwepesi, na kuna Jumanne anarudi na kuingia chumbani bila kuvua kofia. Yule mwembamba hajapita tena. Akipita, wana komeo jipya na jirani mwenye kikohozi.

Ila Karani hakusahau. Mchana ukielekea jioni husema, "Si leo," kwa sauti ile ile, na Vidonge alitaka kumuuza. Kaka alikataa. "Mwache," alisema. "Mimi nitamjibu." Basi popote alipokuwa, bafuni au uani, aliposikia "Si leo" aliitikia kwa nguvu, "Wala kesho." Vidonge akiwa jikoni alisimamisha kisu kwanza mpaka asikie jibu, kisha akaendelea kukata.

Siku moja aliwahi kutoka kazini, akaingilia mlango wa jikoni, akaanza kupika. Saa ya Karani ikafika.

"Si leo."

"Wala kesho."

Moyo ulitulia, kisu kikaendelea. Alikata kitunguu chote. Ndipo akili ilipomrudisha nyuma, ikamwambia kwamba sauti zile mbili zilitoka mahali pamoja.

Alitua kisu. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Sebuleni kile kiti cha mkono kilikuwa kitupu, na Karani akamwambia tena, taratibu, kwa sauti ya kaka, "Wala kesho." Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa. Bafuni hapakuwa na mtu. Alitoka uani, na chini ya shuka lililoanikwa akaona miguu miwili, vidole vimeelekea kwake, haisogei.

Alilivuta shuka pembeni. Kaka alikuwa amesimama, vibanio vya nguo mdomoni, mikono juu kwenye kamba.

Vidonge alisogea. Alinyoosha mkono, akamgusa shingoni kwa kidole cha mwisho, akakiacha pale. Palikuwa na jasho, na joto, na chini ya joto kitu kinagonga.

Kaka alikuwa na mdomo uliojaa vibanio, hakuweza kutania. Alisimama vile vile, akamngoja mdogo wake amalize kukagua.