Jedwali la Vyura wa Baba

Msinipe pole. Kosa ni langu, na nalisema waziwazi kwa sababu mama anataka kujitwika yeye.

Baba alihesabu vyura miaka thelathini na moja. Ndiyo, vyura. Ndiyo iliyokuwa kazi yake kwenye makumbusho, na mtaa mzima ukamwita Mzee Vyura. Mwaka jana akaanza kusahau. Kwanza miwani, kisha njia ya kurudi nyumbani, kisha jina la dada yangu. Macho nayo yakafifia. "Mwanangu," akaniambia, "niwekee vyura wangu mahali ambapo sitawasahau."

Mimi ni mtengeneza programu. Nikamtengenezea jedwali la kompyuta lenye kufuata kanuni wanazotumia watafiti dunia nzima: safu moja jina la chura, ya pili tarehe, ya tatu mahali, ya nne aliyemwona. Ukiandika mwezi wa kumi na tatu, kisanduku kinawaka chekundu. Ukikosea herufi kwenye jina, kinakugomea. Nilijivuna nalo, jamani, nilijivuna mpaka nikawa kero. Mama akaketi na madaftari ya baba, anasoma na kuingiza, baba pembeni akimfafanulia mwandiko wake. Miezi saba, mistari elfu sita na ushei.

Madaftari yalikuwa yameota ukungu, na kifua kilikuwa kinambana baba. Daktari akasema yaondoke nyumbani. Mimi, mjuaji, nikasema yachomwe, kwani si yote yameshaingia? Yakachomwa, hata picha sikupiga.

Kisha siku moja mama akataka kuona majina kwa mpangilio wa alfabeti. Akabofya kichwa cha safu ya kwanza. Majina yakajipanga vizuri kabisa, tarehe na mahali zikabaki palepale, kila chura na habari za mwenzake. Kufuli la kufanya mstari mzima uhame pamoja nilikuwa nimelipangia wiki ijayo, na wiki ijayo haikufika. Jedwali likajihifadhi lenyewe. Hakuna kisanduku hata kimoja kilichowaka, maana jina lilikuwa jina halali na tarehe ilikuwa tarehe halali. Niligundua siku ya tisa. Nakala za akiba nilikuwa nimeziwekea siku saba tu, kisha zinajifuta.

Nilihangaika wiki nzima. Nikawapigia wenzangu, nikafukua diski, nikaambulia patupu. Mama akakaa jikoni analia, anasema heri mikono yake ikatwe. Nikamfokea anyamaze, kisha nikalia mimi.

Likabaki tumaini moja tu, kichwa cha baba. Nikamkalisha, nikamsomea mstari wa kwanza: "Chura mwekundu mwenye miguu mifupi. Kilele cha mlima, mwezi wa pili."

Baba akacheka. "We! Huyo ni wa bondeni, kwenye matope. Mlimani afuate nini, baridi?"

Anakumbuka! Nikasoma wa pili, akasahihisha. Wa tatu akasahihisha, ila kicheko kilikuwa kimekwisha. Kufikia wa kumi alikuwa anauma mdomo.

"Hivyo ndivyo ilivyoandikwa?"

"Baba, jedwali limeharibika. Nimeliharibu mimi."

"Kuna kisanduku chochote chekundu?"

"Hakuna, lakini baba..."

"Basi." Akanishika mkono, eti ananibembeleza mimi. "Usinidanganye ili kunifurahisha. Nilijua itafika huku. Ila nilidhani vyura ndio wangeondoka mwisho."

Nikaapa. Nikamwita mama, naye akaapa. Kadiri tulivyoapa ndivyo alivyozidi kutuonea huruma.

"Soma tena ule wa kwanza," akasema.

"Sisomi, baba. Ni uongo."

"Nimesema soma. Mimi bado ni baba yako."

Nikasoma. Baba akafumba macho, akakunja kidole kimoja kama mtoto anayehesabu.

"Kilele cha mlima," akarudia taratibu, ili asisahau tena. "Mwezi wa pili. Haya, unaofuata."