Kicheko Sebuleni

...na akacheka tena, huyo mkewe, huko sebuleni, kicheko kizima, si kile cha kuazima anachowapa watoto kwenye simu, kicheko chenye mwanzo na mwisho na kikohozi kidogo katikati, na Futi akasimama jikoni na uma mkononi, sufuria ya viazi mbele yake, akaacha kuponda ili asikie vizuri, halafu akajiona mjinga, mtu mzima na mvi zake anamtegea sikio mke wake mwenyewe ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaponda tena, kwa nguvu, viazi havina kosa lakini nani mwingine wa kumpiga, na lazima viwe laini kabisa, bonge moja tu linaweza kumkaba mkewe, koo lake siku hizi limekuwa vivu kama miguu, daktari alieleza, ugonjwa wa Parkinson, ubongo unapungukiwa na kitu fulani cha kuuamrisha mwili, basi mwili unakaa kusubiri amri, mkono unatetemeka bila kuambiwa, mguu unagoma ukiambiwa, na hata uso, mzee, alisema daktari, hata uso utakuwa mzito, msishangae, mama anaweza kuwa na furaha moyoni na usoni usione kitu, na Futi akaamini, mwaka mzima ameamini, amemlisha, amemwogesha, amemgeuza kitandani, ameutazama ule uso uliotulia kama ukuta uliopakwa chokaa na kujiambia furaha imo, imo ndani, haijaona tu njia ya kutokea, kumbe njia ipo! Ipo, ila ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

"Tena, mama, goti juu, usiburuze mguu," sauti ya Kocha, Kocha ndilo jina ambalo mkewe alimpachika, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anakuja Jumanne na Ijumaa, mabega kama kabati, marashi yake yanatangulia kuingia ndani na yakishaingia hayaombi ruhusa ya kutoka, jioni nzima makochi yananuka Kocha, mto wa kiti unanuka Kocha, shingo ya mkewe... lakini ni lazima amshike, Futi anajua, si mtoto, anayefundishwa kutembea lazima ashikwe kiunoni, akianguka je, ila kuna kushika na kushika, na kila Jumanne na Ijumaa asubuhi ni lile gauni la kijani, "la kijani," ananong'ona, sauti nayo imebaki uzi tu, na Futi analitoa kabatini, anampandisha mikono taratibu, anamfunga vifungo, vile vifungo vikubwa alivyovibadilisha mwenyewe kwa cherehani yake ili vidole vya mkewe viweze kuvimudu, anavifunga kimoja kimoja kwa ajili ya mwanamume mwingine, hebu niambie, fundi gani mwingine duniani amewahi kunoa sindano ya kujichoma mwenyewe, na leo amezidisha, leo amesema, "na hereni," hereni! za kupigia hatua!

Akachota kijiko, akaonja, chumvi imekolea, akaponda. Amekwisha kuipanga sentensi, ameipanga tangu juzi, akiwa anapiga pasi suruali ya mteja, Kocha, tunashukuru sana, umetusaidia, kuanzia wiki ijayo tutajaribu wenyewe, hivyo tu, kwa upole, bila kununa, amsindikize hadi mlangoni, avae viatu vyake vyeupe, kwaheri ya kuonana, na akifunga mlango nyumba itakuwa ya watu wawili tena, watu wawili na cherehani, maana cherehani aliitoa dukani akaileta chumbani ili awe karibu naye, alifunga duka, duka lililokuwa na jina, kwa ajili ya nani, kwa ajili ya huyo anayecheka, na hakulalamika, hakumwambia mtu, dada yake tu ndiye aliyemwona amenuna akamwambia, "Kaka, wivu wa nini jamani, mtu mwenyewe anatetemeka vile," na alitaka kumfukuza dada yake siku ile, mara ya kwanza maishani, kwani anayetetemeka haonewi wivu? Anayetetemeka si mwanamke? Watu wamekwisha kumtoa mkewe kwenye hesabu ya wanawake, wakija wanamsalimu kama wanavyosalimu kiti, hajambo huyu, anakula huyu, mbele yake, huyu, na huyo Kocha ndiye peke yake anayemwambia mama leo umependeza, aa, na hilo ndilo linalouma, kwamba anasema kweli.

Alijaribu hata yeye, Mungu anajua, alisimama mlangoni mwa chumba, pale pale ambapo miguu ya mkewe hugoma, mlango humtisha sijui kwa nini, akifika kizingitini anaganda kama aliyepigiliwa misumari, Futi akasimama mbele yake akakunja mikono kama Kocha, akasema kama Kocha, moja, mbili, goti juu, hata lafudhi ile ya Kocha akaitia, na mkewe akamtazama, hakuinua hata kidole, akasema, "Unanipigia kelele," wala hakupiga kelele, au alipiga, kidogo, akambeba tu akampeleka kitandani, akangoja saa ya dawa, umekunywa dawa, fungua mdomo, meza, meza tena, haya.

"Mama, hatua ndefu zaidi, hizo fupi."

"Fupi?" na sasa ile sauti ya uzi ikajikaza, ikawa kamba, Futi akaisikia hadi jikoni, "nimekupa ndefu, unataka na za kukunja pindo?"

Na wakacheka wote wawili, lile jitu la marashi likacheka hadi likapiga makofi, na uma ukabaki hewani, pindo, amesema pindo, hilo ni neno la nyumba hii, hilo ni la utani wao, la fundi na mkewe, la chumbani, huwezi kuchukua neno la chumbani ukampa mtu wa Jumanne na Ijumaa... walianza hivyo, kwa kugombana, mkewe muuza vitambaa mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi, mtaa mzima ukimwogopa, Futi fundi mgeni kaja kununua kitambaa cha suruali, kafika nyumbani kakipima, kimepungua, karudi dukani mbio na futi yake shingoni, kaitandaza juu ya meza mbele ya wateja, "Dada, umenipunja," na yeye hata hakuangalia futi, alimwangalia mwenye futi, juu hadi chini, akasema, "Kitambaa kiko sawa, wewe ndiye umezidi, kata miguu," wateja wakaangua kicheko, na Futi, aliyekuja na hasira za kubomoa duka, akajikuta amesimama hapo anatafuta la kujibu, jasho linamtoka, akalipata, akasema, "Basi nitakuletea na kiwiliwili ukipime, maana miguu peke yake haitakutosha," ndipo jina la Futi lilipozaliwa, huyo dada ndiye aliyempa, na wiki iliyofuata akanunua kitambaa asichokihitaji, na iliyofuata tena, nyumba ikajaa vitambaa, na ndoa yao yote ilikuwa hivyo, kutupiana maneno toka jikoni hadi chumbani, majirani wakidhani wanagombana, watoto wakikua wanajua kwamba siku baba na mama wakiongea kwa adabu basi kuna msiba.

"Mzee naye lazima umemchosha kwa vichekesho," Kocha anasema, "lazima hapa ndani hakukaliki."

Futi akatega sikio tena, na safari hii hakujiona mjinga, akashika ukingo wa meza, sasa atasema, sasa atamsema, atasema ananibeba kama gunia, ananipigia kelele, viazi vyake havina ladha.

"Mzee?" akasema mkewe, polepole, kila neno linatafutiwa pumzi, "Mzee siku hizi ni nesi. Nesi mzuri, sina neno. Ila mume wangu... sijui alikwenda wapi. Huyu ananiuliza dawa tu."

Na Kocha hakucheka, Kocha akasema, taratibu, "Haya, mama, shika hapa, tugeuke," na Futi akabaki na uma wake, moto ukampanda hadi masikioni, nesi! mwaka mzima hajalala usiku mmoja wa kunyooka, amefunga duka, amepasuka mikono kwa sabuni, nesi! aingie sasa hivi, awaambie wote wawili, amwambie na yeye, mimi ndiye niliye... ndiye niliye nini? na mguu uliokuwa umekwisha kuinuka ukarudi chini wenyewe, maana alilitafuta neno la mwisho alilomwambia mkewe lisilokuwa dawa, wala meza, wala geuka, wala pole, akatafuta jana, akatafuta juzi, akarudi nyuma kwenye mwezi uliopita, hakuliona, adabu tupu, upole mtupu, anaongea naye kama watu wanaongea msibani, tangu daktari aseme lile jina la ugonjwa ameacha kumgombeza, aliona ni ukatili kumtania mtu asiyeweza kushika kikombe, akamhurumia, na huruma ile akaiona mapenzi, na mapenzi ilikuwa, lakini yule mwanamke wa nyuma ya meza ya vitambaa hakuwahi kumwomba mtu huruma, alitaka mtu wa kumjibu, akajibu Kocha, kwa kuwa hakuwahi kumjua akiwa mzima hata aje kumsikitikia, akamkuta hivyo hivyo akabishana naye, na mwanamke akafufuka, basi, hakuna marashi hapo wala mabega, kazi ya Kocha amechukua Futi na kazi ya Futi amechukua Kocha, na mke amekaa katikati anamtafuta mumewe huku mumewe yuko hatua chache tu kutoka kwake, anaponda viazi, anamwonea wivu mtu aliyekalia kiti chake, kiti alichokiacha mwenyewe.

Bado wivu uko, usidhani, bado yale makofi ya Kocha yanamchoma, na lile gauni, na hereni, ila ile sentensi, Kocha, tunashukuru sana, aliitafuta mdomoni hakuipata, imeyeyuka, viazi navyo vimepondeka hadi vimekuwa gundi.

"Mzunguko wa mwisho, mama, kisha tumwite mzee alete chakula," Kocha akasema, "moja... mbili..." na miguu ile ikaburuzwa, ikainuka, ikaburuzwa, inakuja kuelekea jikoni, na Futi akasikia kwamba ana dakika moja, labda pungufu, ya kupata neno, neno lolote, dogo, lenye makali, la kumfanya mkewe aseme wewe nawe, akapekua kichwa kizima kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, hakuna, kutu tupu, ulimi umelala, akavuta shati likae vizuri, akajipangusa viazi mkononi, na akagundua, jamani, mtu aliyeoa siku zote hizi, kwamba anamwogopa mkewe, ule woga wa kijana anayekwenda kusema na mwanamke bila kujua atajibiwa nini, na miguu ikafika kizingitini, ikasimama, na Futi akafungua mdomo.