Pesa Isilale Nyumbani

Afisa mikopo alilamba kidole cha shahada, akafunua ukurasa, akakilamba tena. Mke wa kinyozi aliyatazama mate yale yakikauka pembeni mwa karatasi ambayo punde angetakiwa kuitia saini, akairudisha mikono yake mapajani. Ofisi ilinukia marashi ya kupuliza, yale yanayofunika harufu bila kuiondoa. Mezani palikuwa na bakuli la peremende zilizoyeyuka na kugandana.

"Karibu peremende, mama."

"Ahsante, nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Hakutaka tu mkono wake uguse kitu cha mahali pale.

Jambo lililowaleta lilikuwa rahisi kulieleza. Mumewe alitaka mkopo wa kuiokoa saluni yake, na dhamana ya mkopo huo ilikuwa nyumba yao. Wakishindwa kulipa, nyumba ingepigwa mnada. Kwa kuwa waliijenga pamoja, benki ilihitaji saini zote mbili, na iliyosalia ilikuwa ya mke. Yeye alikuwa dobi wa hoteli. Sehemu kubwa ya matofali ya nyumba ile ilitokana na mashuka ya watu, aliyoyapiga pasi mpaka kiwiko kikakataa kunyooka.

Kilichomshangaza ni kwamba saluni haikuwa na ukame wa wateja. Viti vilijaa, mashine zilinguruma, lakini mwisho wa mwezi ilikuwa mikono mitupu. Kinyozi alimtafuta mchawi, akamwona karibu: mdogo wa mkewe, aliyenyoa kwenye kiti cha pili. "Kikulacho ki nguoni mwako!" alifoka mbele ya wateja, akamwita mwizi, akamtimua shemeji yake huku povu la sabuni likiwa bado shavuni mwa mtu. Tangu siku hiyo kijana hakukanyaga kwa dada yake.

"Nikwambie ukweli, mzee," afisa alisema, akijinyoosha kitini. "Mkopo huu haupiti kwa kila mtu. Wewe ni nyota wetu."

Kinyozi alitabasamu, akaivuta kola ya shati.

"Nyota wa nini?" mkewe akauliza.

"Wa kadi, mama! Tawi zima hili hakuna anayeitumia kadi kama mzee. Asubuhi, sisi hatujafungua mlango, ameshatoa hela mashineni. Jioni anazirudisha kwa wakala. Asubuhi anazitoa tena. Mfumo wetu unampenda kuliko mkewe!"

Alicheka peke yake. Dobi alimgeukia mumewe.

"Baba Pacha, kila asubuhi unatoa hela za nini?"

"Za chenji. Na nyembe, na spiriti. Si unajua msimamo wangu? Pesa isilale nyumbani."

Aliujua. Zamani, kabla hawajaoana, mwizi alimkombea akiba yote chini ya godoro. Tangu hapo kinyozi alipeleka mapato yake kwa wakala kila jioni, hadi noti ya mwisho iliyokunjika, na kila alfajiri akazifuata zilezile. Aliitunza desturi hiyo kama wengine wanavyotunza sala.

"Na kila akitoa, anakatwa?"

"Ada ndogo tu, mama. Hata huisikii."

"Akiweka?"

"Wakala naye si ale? Halafu mashine ile ya karibu na saluni si yetu, kwa hiyo hapo inaongezeka kidogo. Na akiuliza salio..."

"Anauliza salio?"

"Kabla ya kutoa na baada ya kutoa," afisa alisema kwa fahari. "Mtu makini sana."

"Nahakikisha zipo," kinyozi akanong'ona.

"Ziko wapi? Unazichungulia huku zinaliwa!" Akamrudia afisa. "Nanyi mliliona hili?"

"Tuliliona, mama. Mfumo unaonyesha kila kitu."

"Mkanyamaza."

"Mteja hakuuliza." Kidole kikarudi ulimini. "Na hatukumsahau. Mkopo ukipita tunampa kadi nyingine, ya dhahabu, ya kukopea. Mwaka wa kwanza haina ada."

"Na wa pili?"

"Tutaongea."

Hakukasirika. Hasira ina joto, na alichokisikia kilikuwa baridi, kama anapoingiza vidole kwenye tundu la sinki la hotelini na kuvuta nywele za wageni, ndefu, zenye utelezi. Walikuwa wamemtafuna mumewe kama panya, wakiuma na kupuliza. Sasa walitaka nyumba iwe kitoweo.

"Mke wangu, weka saini tumalize," kinyozi alisema. "Tatizo tumelijua, nitaacha. Hela hii itatusimamisha."

"Ukiacha, saluni itasimama yenyewe. Mkopo wa nini tena?"

Kinyozi aliichukua kalamu ya benki, akamsogezea mkewe.

"Tukitoka hapa mikono mitupu," alisema, "shemeji nitamwambia nini?"

Hapo kinyaa chake kikamgeukia mumewe. Afisa alikuwa mgeni, na kula watu ndiyo kazi iliyompa kiti. Lakini huyu, baba wa wanawe, alikuwa tayari kuliweka rehani paa la watoto ili asitamke neno moja: samahani. Benki ingempa hela, saluni ingenawiri, na mdogo wake angebaki kuitwa mwizi.

Aliisukuma karatasi kwa ncha ya ukucha, mbali na pale palipolowa.

"Saini yangu huipati, baba," alimwambia afisa.

"Fikiria, mama. Ofa inaisha Ijumaa."

"Iishe leo."

Nje, jua lilikuwa kali. Kinyozi alimfuata mkewe mbiombio.

"Nitamtumia ujumbe," alisema. "Leo hii hii."

"Ulimwita mwizi mbele ya wateja. Utamsafisha mbele ya wateja."

"Basi Jumatatu, kukiwa kumetulia."

"Jumamosi. Viti vikiwa vimejaa."

"Utaniaibisha, Mama Pacha!"

"Mimi?"

Walipofika kivukoni kinyozi alimnyooshea mkono, kama alivyozoea kila wanapovuka barabara. Mkewe aliutazama mkono ule, akaitikisa sketi yake kana kwamba imeshika vumbi, akavuka peke yake.