Bomba la Kanzo

Januari ile tulibakiwa na kilo arobaini za udongo. Udongo wa Bizen, mji wetu wa wafinyanzi, uko chini ya mashamba ya mpunga, kina cha mita mbili hivi, na mwenye shamba akikataa, mfinyanzi hana kazi. Nilikwenda kwa Mzee Akagi mara ya tatu, na chupa ya tatu ya sake, pombe ya mchele.

"Chupa naipokea," alisema. "Shamba silitoi. Mfinyanzi mwenzako alichimba kwa jirani yangu Moriwaki, maji yakatuama mwaka mzima. Mpunga ukaoza."

"Nitarudisha udongo wa juu kama ulivyokuwa, Mzee."

"Na yeye alisema hivyohivyo. Wafinyanzi nyie, maneno yenu matamu kuliko vikombe vyenu."

Mkewe, Bibi Yasue, alicheka huko jikoni. "Mpe shimo moja ajaribu! Au unangoja chupa ya nne?"

Nikapewa kona moja. Kwenye kina cha mita moja jembe liligonga kitu, kikavunjika, maji yakaanza kuchuruzika. Lilikuwa bomba la udongo wa kuchomwa, jekundu la kahawia. Nikajua nimeshakosa shamba. Mzee Akagi alishuka shimoni na magoti yake mabovu, akaokota kipande, akakisugua kwa kidole gumba. Kilikuwa na mhuri wa nyumba yetu, duara lenye mstari katikati, na jina pembeni.

"Huyu ni nani kwenu?"

"Kanzo. Baba wa babu yangu."

Kwenye historia ya ukoo tunayoichapisha kwa maonyesho, mitungi ya kale inafuatwa moja kwa moja na bakuli za chai za babu. Katikati hamna kitu. Ukweli ni kwamba watawala walipoacha kununua kwetu, na watu wakahamia vyombo vyeupe vya kaure, Bizen iliishi kwa matofali na mabomba ya mitaro. Baba hakupenda hilo litajwe.

"Mimi miaka yote najua shamba langu lina bahati," alisema Mzee Akagi. "Wenzangu wanazama, mimi nakauka. Kumbe kuna mtu alifanya kazi."

Alikiinamia kile kipande kwa heshima. Nami nikainama.

"Chimba, binti. Ila ulichovunja utatengeneza, kabla ya maji ya Juni ya kupandia mpunga."

Tulichimba kando ya mstari wa mabomba, tani mbili. Lakini udongo mpya sharti upigwe na mvua na baridi misimu miwili, kwa hiyo nilitumia ule wa zamani, ambao ungetosha bakuli sitini. Niliunda mabomba matatu, maana kwa kawaida moja hupasuka tanuruni. Baada ya siku kumi na mbili za moto wa kuni za msonobari, halikupasuka hata moja.

Mwezi Mei tulilaza moja na kulifukia. Mzee Akagi alimimina ndoo ya maji upande wa juu, tukaenda kusubiri mtaroni, bomba linakoishia. Yalitoka ya matope, kisha safi.

"Asante, bwana Kanzo!" aliuambia mtaro kwa sauti.

Mimi nikaenda kujaza ndoo ya pili.