Barua Iliyosahau Pete

Mpira wetu ulizaliwa na uzembe wa katibu mmoja, nami sitaacha kumshukuru mpaka niingie kaburini.

Mwezi wa tatu mwaka 1974, barua ya Kamati ya Mashindano ya Vyuo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo chetu cha ualimu, Iringa. Ilikuwa na muhuri wa bluu na sahihi ya katibu, Ndugu Bartolomeo. Ilisema kila chuo kilete "timu ya mpira ya wanaume na timu ya mpira ya wasichana", na kwamba fainali zitachezwa Mbeya mwezi wa nane. Kila aliyesoma alielewa. Wanaume wangecheza mpira, na wasichana wangecheza mpira wa pete kama miaka yote.

Kila aliyesoma, isipokuwa Ng'washi.

Ng'washi Shigela alitokea Ubaruku. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Usukumani wakati yeye bado mdogo, na kwa kuwa baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, yeye ndiye aliyechunga. Huko machungani alicheza chandimu, mpira wa matambara, na wachungaji wenzake mpaka nyayo zikawa ngumu kama kwato. Alisimama mbele ya ubao ule, kidole juu ya mstari, akasoma mara mbili, akanigeukia.

"Benedicta, hapa wameandika mpira. Pete iko wapi?"

Nilicheka. Kisha nikasoma mwenyewe na kicheko kikaisha. Pete haikuwepo. Tangu nikiwa shule ya msingi kule Nyololo nilikuwa nikikaa nje ya kiwanja, nimeshika mashati ya kaka zangu, nikiona jinsi wanavyokosa magoli ambayo mimi ningeyafunga nimefumba macho. Nilipata hasira ya miaka kumi na miwili kwa mara moja. Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumeandikisha majina kumi na manne.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Philbert, alituita mimi na Ng'washi ofisini. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwalimu wa Kiswahili ambaye alitembea na penseli nyekundu mfukoni na kusahihisha hata salamu.

"Mpira wa wasichana ni wa pete," alisema. "Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Lakini mpira yetu imeandikwa hivyo, Mwalimu," alisema Ng'washi.

"Mpira wetu. Wa, si ya. Mpira wetu umeandikwa. Utakwenda kufundisha watoto wa watu kwa ulimi huo?"

Ng'washi akainamisha kichwa. Mimi sikuinamisha. Wiki mbili kabla, tangazo lilisema kila mwanachuo aje shambani na jembe. Kazi ilikuwa ya kufyeka majani, kila mtu alijua, kwa hiyo nikaja na fyekeo. Mwalimu Philbert aliniadhibu kusafisha banda la nguruwe siku tatu. Alisema tangazo husomwa lilivyo.

"Mwalimu," nilisema, "tangazo husomwa lilivyo."

Nadhani harufu ya lile banda la nguruwe ilitupita wote wawili pale ofisini.

"Haya," alisema mwishowe. "Chezeni. Siku mtakayofungwa ndiyo siku ya mwisho. Kabla ya siku hiyo sitawazuia. Mkishafungwa mtarudi kwenye pete, na wewe Benedicta utaiandikia kamati barua ya kuomba radhi, kwa mkono wako, nami nitaisahihisha. Na sketi zivuke magoti. Sitaki kusikia habari ya kaptula."

Hilo la kuisahihisha ndilo lililonichoma. Niliiona penseli ile nyekundu ikipita juu ya aibu yangu, ikiongeza koma. Nikaapa barua hiyo haitaandikwa.

Kuhusu sketi, tulitii. Zilivuka magoti. Ila hakusema zisishonwe, basi jioni ile tulikaa bwenini na sindano, tukazishona mbele na nyuma zikutane katikati ya miguu. Ukisimama ni sketi, ukikimbia ni kitu kingine.

Aliyetufundisha ni Ambrosi, mpishi wa chuo, ambaye zamani alichezea timu ya mashamba ya chai Mufindi. Kila siku baada ya masufuria kuoshwa alitoka na mpira chini ya kwapa, aproni bado kiunoni. Mimi aliniweka golini kwa sababu, alisema, nina mdomo mkubwa na kipa ni lazima apige kelele. Ng'washi hakufundishwa chochote. Alikuwa anamtazama beki begani tu, kisha anapita upande wa pili. "Ng'ombe akitaka kugeuka," alituambia, "bega inatangulia. Watu nao ni hivyo hivyo."

Maneno tuliyoyasikia siku zile siwezi kuyamaliza. Wanachuo wa kiume walikuja kutuangalia na kulia kwa vicheko. Mwalimu mmoja wa kike, mtu mwema kabisa, alinivuta pembeni akaniambia kizazi kitahama. Nikamwambia mama yangu alibeba kuni kutoka msituni na mimba ya miezi minane na hakuna aliyeulizia kizazi chake. Hakunisemesha tena muhula mzima.

Vyuo vilikuwa vinne, na barua ilikuwa ileile kwa vyote. Wa kwanza kuja kwetu walishuka kwenye lori na nguzo zao mbili za pete, maskini, wamezipaka rangi nyeupe. Kapteni wao, Helena, alisoma barua yetu, akasoma ya kwao, akacheka hadi akakaa chini. Akasema basi tufundisheni nusu saa. Tukawafundisha nusu saa, tukawafunga saba. Chuo cha pili tuliwafuata Tukuyu, tukacheza ndani ya mvua na ukungu hata sikumwona Ng'washi aliko, nikasikia tu watu wanalia upande wa kule. Mbili kwa moja. Wa tatu walikuwa wa Mbeya, na hao walikuwa wameisoma barua kama sisi. Kapteni wao, Tupokigwe, alikuwa na shuti la mguu wa kulia ambalo lilinivimbisha viganja siku mbili. Tulitoka moja kwa moja. Sare si kufungwa, na nilihakikisha Mwalimu Philbert ananisikia nikilisema hilo. Kwa pointi, fainali ikawa sisi na wao tena, Mbeya.

Wiki moja kabla ya safari barua ya pili ikaja. Mwalimu Philbert aliniita akanipa niisome mwenyewe. Ilikuwa fupi: "Katika barua yetu ya mwezi wa tatu, mahali paliposomeka 'mpira wa wasichana' pasomeke 'mpira wa pete wa wasichana'. Fainali itachezwa kwa kufuata masahihisho haya." Muhuri wa bluu. Ndugu Bartolomeo.

"Tangazo husomwa lilivyo," alisema Mwalimu Philbert. Hakusema kwa kejeli, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilikwenda jikoni nikalia. Nasema wazi, nililia kwa hasira, kamasi na yote, juu ya gunia la maharage. Ambrosi aliendelea kukoroga uji. Miezi mitano, magoti yamechubuka, viganja vimevimba, halafu mtu amekaa mezani anaongeza neno moja na sisi hatupo.

Ng'washi alichukua barua mkononi mwangu. Alisoma kama anavyosoma siku zote, kidole juu ya mstari. Kisha akaniomba ile ya kwanza, niliyokuwa nimeibandua ubaoni na kuitunza ndani ya daftari langu. Akaziweka pamoja juu ya meza ya kukatia mboga.

"Benedicta, acha kulia, angalia. Hii ya kwanza ilisema nini? Timu ya mpira ya wasichana. Ya. Hii mpya inasema wasahihishe mpira wa wasichana. Wa. Iko wapi hiyo wa? Mwalimu amenisumbua na wa na ya mwaka mzima. Mimi sasa naziona hata usingizini."

Nilitafuta. Nilitafuta barua nzima, mbele na nyuma. Maneno "mpira wa wasichana" hayakuwamo popote. Ndugu Bartolomeo alikuwa amesahihisha kitu ambacho hakukiandika.

"Tumwoneshe Mwalimu," nilisema.

"Tukimwonesha leo, kesho wataandika ya tatu," alisema Ng'washi. "Tunyamaze mpaka Mbeya."

Tukanyamaza. Tulipanda lori, Mwalimu Philbert mbele na dereva, sisi nyuma tumejifunika mablanketi kwa baridi ya mwezi wa nane. Nyololo mama yangu alikuwa kando ya barabara na viazi vyake. Akauliza kama tunakwenda kuimba kwaya. Nikamwambia ndiyo, mama, kuimba. Akatupa ndoo nzima ya viazi.

Mbeya upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani na vumbi lake. Watu walikuwa wamejaa pande zote za uwanja, maana habari ya wasichana wanaopiga mpira kwa miguu ilikuwa imefika mpaka sokoni. Katikati ya uwanja nguzo mbili za pete zilikuwa zimesimamishwa. Tupokigwe alikuja kunisalimia, uso umekunjamana.

"Mmekuja kucheza nini?" aliuliza.

"Mpira."

"Sisi pia. Lakini yule pale hataki."

Yule pale alikuwa Ndugu Bartolomeo, mtu mnene mwenye suti ya kaunda na filimbi shingoni. Nilikwenda moja kwa moja mezani kwake, Ng'washi nyuma yangu, nikaweka barua zote mbili mbele yake.

"Ndugu Katibu," nilisema, "tumekuja kutii barua zako. Masahihisho yako yanahusu maneno 'mpira wa wasichana'. Tuoneshe yalipo kwenye barua ya kwanza."

Alisoma. Akasoma tena. Wajumbe wenzake wawili wakasogeza shingo. Mwalimu Philbert naye akasogea, akavaa miwani, akachukua barua zile, na nikaona mkono wake unatafuta penseli mfukoni bila yeye kujua.

"Huu ni upuuzi," alisema Ndugu Bartolomeo. "Wa au ya, ni kitu kilekile. Kila mtu ameelewa."

Nikajua tumeshinda. Ungeweza kumwambia Mwalimu Philbert mambo mengi na akavumilia, lakini si hilo.

"Si kitu kilekile, Ndugu," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya darasani. "Ya hapa ni ya timu. Wa ni wa mpira. Umesahihisha sentensi ambayo haipo. Mimi sipendi wasichana hawa wacheze mchezo huu, na wao wanajua. Lakini barua iliyopo ni ya kwanza, nayo inasema mpira." Akachora mstari mwekundu chini ya neno lile, akamrudishia.

Wasichana wa Mbeya ndio waliozing'oa nguzo. Hawakungoja kuambiwa.

Sitasimulia mchezo wote. Kipindi cha kwanza walitubana mpaka nikapoteza sauti. Kipindi cha pili Ng'washi alipata mpira karibu na mstari wa kati, beki wao akamjia, akamtazama begani, akapita. Wa pili, begani, akapita. Kipa alipotoka, naye bega lilitangulia. Niliona wavu ukitikisika, nikapiga magoti nikiwa peke yangu golini, nikapiga udongo kwa ngumi.

Dakika za mwisho Tupokigwe alibaki yeye na mimi. Alipiga lile shuti lake. Mpira ulidunda mbele yangu ukainuka, nikachelewa kufunga miguu, ukaja katikati ya magoti yangu moja kwa moja. Ungekuwa ndani. Ila sketi ilikuwa imeshonwa. Mpira ulijaa kwenye kitambaa, mshono ukalia krii lakini haukuachia, nikauangukia na kuukumbatia kama mtoto mchanga. Uwanja mzima ulicheka, na Tupokigwe alicheka kuliko wote, huku akilia.

Moja kwa bila. Mabingwa.

Tulijipanga kwenda kuchukua kikombe. Ndugu Bartolomeo alikishika kwa mikono miwili akatusomea maandishi yaliyochongwa pembeni: Bingwa wa Mpira wa Pete, Wasichana. Akasema anasikitika sana, lakini maandishi husomwa yalivyo, na sisi hatukucheza pete. Akakirudisha ndani ya boksi lake. Alitabasamu kweli, mtu yule.

Wenzangu walitaka kumvaa. Mimi nilimwambia abaki nacho, akinywee chai. Nilikuwa na kitu ambacho hakikuchongwa popote, na sikutaka kukipoteza kwa kugombea bati.

Mwaka 1976 nilipangiwa shule ya msingi Idodi. Siku ya kwanza, vipindi vilipokwisha, nilitoka na mpira, nikawaita wasichana wa darasa la sita na la saba kiwanjani. Mwalimu mkuu alikuja mbio, kalamu bado mkononi, akaniuliza ni nani aliyeniruhusu.

"Mkuu wangu wa chuo, Iringa," nilimjibu. "Alisema hatatuzuia mpaka siku tutakayofungwa."

Aliitia kalamu mfukoni. "Na mmeshafungwa?"

"Bado," nilisema, nikapuliza filimbi.